Mihimili Miwili, Picha Moja: Grafu ya Mvua na Maziwa

Leo tuingie jikoni kidogo. Kuna swali ambalo kila anayeanza kuchora grafu kwa tarakilishi hulifikia mapema: nina vitu viwili ambavyo vipimo vyake havifanani, kimoja ni milimita na kingine ni lita. Nitaviwekaje kwenye picha moja?

Jibu la haraka ni mhimili wa pili wa wima. Upande wa kushoto unasoma milimita, upande wa kulia unasoma lita, na chini miezi ni ile ile. Kuuandika ni mstari mmoja tu wa msimbo. Ugumu uko kwenye kile ambacho picha hiyo inamwambia mtu asiyejua ilivyochorwa. Na mara ya mwisho nilipoichora, watu hao walikuwa karibu kukatwa pesa zao kwa sababu yake. Nitafika huko.

Kwanza chombo chenyewe. Natumia lugha ya Python na maktaba inayoitwa Matplotlib. Kwa wageni: maktaba ya programu ni mkusanyiko wa msimbo ambao wengine wameshaandika, wewe unauita tu ukufanyie kazi. Matplotlib ilianzishwa na Mmarekani John D. Hunter, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003. Hunter alikuwa mtafiti wa mambo ya ubongo na neva, akihitaji kutazama mawimbi ya umeme kutoka kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Alifariki mwaka 2012, lakini maktaba bado inaendelezwa na ni ya bure. Ukiwa na Python tayari, unaweza kujaribu haya yote jioni hii.

Sasa takwimu. Shangazi yangu ni katibu wa ushirika mdogo wa wafugaji kule upande wa Kitale. Alinipigia simu: "Mwanangu, nitengenezee picha moja ya mvua na maziwa. Picha ambayo mtu akiitazama tu anaelewa." Mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa unakaribia. Kamati ilitaka kuwaomba wanachama wakubali kukatwa shilingi 2 kwa kila lita, mwaka mzima, ili ushirika ununue mashine ya kukatakata majani na kuchimba mashimo ya saileji. Hoja ilikuwa kwamba kiangazi kinaua maziwa, kwa hiyo tuweke chakula cha ng'ombe akiba.

Ili nisianike daftari la watu hadharani, nimebadilisha namba. Hizi ni za mfano, lakini umbo lake ni lile lile:

    import matplotlib.pyplot as plt

    miezi = ["Jan", "Feb", "Mac", "Apr", "Mei", "Jun",
             "Jul", "Ago", "Sep", "Okt", "Nov", "Des"]
    mvua = [20, 30, 80, 150, 165, 105,
            130, 145, 95, 100, 65, 30]
    maziwa = [34200, 33100, 33600, 35000, 37400, 38200,
              37900, 38000, 37700, 37000, 36300, 35100]

    picha, kushoto = plt.subplots()
    kulia = kushoto.twinx()

    kushoto.bar(miezi, mvua, color="lightblue", label="Mvua")
    kulia.plot(miezi, maziwa, color="darkred",
               marker="o", label="Maziwa")

    kushoto.set_ylabel("Mvua (milimita)")
    kulia.set_ylabel("Maziwa (lita)")
    plt.show()

Mstari wenye kazi ni ule wa twinx. Jina lake huwachanganya watu, kwa sababu unapata y mpya lakini jina linataja x. Fikiria mapacha: ni grafu mbili zilizolala moja juu ya nyingine, na kinachowaunganisha ni ule mhimili wa chini, x. Kila mmoja ana y yake na hajui lolote kuhusu y ya mwenzake. Ukikumbuka hilo, karibu matatizo yote yatakayokupata yanaelezeka.

Kwa mfano ufunguo, kile kisanduku kinachosema rangi gani ni kitu gani. Ukiuomba upande mmoja, unapata kitu kimoja tu, kwa kuwa pacha huyo hamjui mwenzake. Inabidi ukusanye kutoka pande zote mbili:

    a, b = kushoto.get_legend_handles_labels()
    c, d = kulia.get_legend_handles_labels()
    kulia.legend(a + c, b + d)

Mistari ya gridi nayo: ukiiwasha pande zote mbili unapata wavu wa samaki, maana alama za kushoto haziangukii kwenye alama za kulia. Washa upande mmoja tu, au usiwashe kabisa. Halafu kuna suala la nani yuko juu. Pacha wa pili huchorwa baada ya wa kwanza, kwa hiyo nguzo ukiziweka kulia zinaweza kufunika mstari wa kushoto. Weka nguzo kushoto na mstari kulia, kama nilivyofanya hapo juu, na shida hiyo huioni.

Rangi pia. Vitabu vingi vinashauri upake maandishi ya kila mhimili rangi ya kitu chake, ili jicho lijue mstari mwekundu unasomwa upande gani. Ushauri mzuri, mpaka ukumbuke kwamba ajenda ya mkutano inapigwa fotokopi mjini, na fotokopi ni nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo tofautisha kwa umbo: kimoja nguzo, kingine mstari wenye vitone. Fotokopi haiwezi kuondoa umbo.

Haya, mpaka hapo ni ufundi. Ukiendesha msimbo huo utaona picha safi kabisa. Nguzo za mvua ziko chini Januari, zinapanda mpaka Mei, na kuelekea Desemba zimeshuka tena. Mstari wa maziwa unafuata nyuma kama mbwa anayemfuata mwenyewe: Februari uko sakafuni, Juni uko darini. Picha inasema wazi kwamba mvua ikikosekana, maziwa yanaanguka.

Sasa twende polepole tuone tarakilishi imefanya nini.

Kwa nguzo, Matplotlib huanzia sifuri. Ni sawa, maana urefu wa nguzo ndio unaobeba maana. Kwa mstari, haianzii sifuri. Inachukua namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa, inaongeza nafasi ndogo ya asilimia 5 juu na chini, basi. Mhimili wa maziwa kwa hiyo unaanza karibu na lita 32,845 na kuishia karibu na 38,455. Pale chini ambapo nguzo za mvua zinaanza kwenye sifuri, upande wa pili si sifuri. Ni lita elfu thelathini na mbili na zaidi!

Piga hesabu. Mvua kutoka Mei hadi Januari inashuka kutoka milimita 165 hadi 20, yaani karibu asilimia 88. Maziwa kutoka mwezi bora kabisa hadi mwezi mbaya kabisa yanashuka kutoka 38,200 hadi 33,100, yaani kama asilimia 13. Lakini kwenye picha, hiyo asilimia 13 imepewa tisa ya kumi ya urefu wote. Mvua inaporomoka na maziwa yanaporomoka, na kwa jicho maporomoko hayo mawili ni sawasawa.

Hakuna aliyedanganya hapo. Namba ni zile zile, na pembeni zimeandikwa kwa haki. Maktaba haijui ng'ombe wala shilingi. Inajua kujaza nafasi iliyopo, na kwenye grafu ya mhimili mmoja tabia hiyo haina madhara makubwa. Ukiweka mihimili miwili, kila mmoja unajaza nafasi kivyake, kisha jicho la binadamu linafanya kile ambacho tarakilishi haikukusudia: linalinganisha.

Nikachora picha tatu kutoka takwimu zile zile. Ya kwanza ni hiyo ya juu. Ya pili niliongeza mstari mmoja:

    kulia.set_ylim(0, 40000)

Sasa mstari wa maziwa uko juu karibu na dari mwaka mzima, na Februari unabonyea kidogo tu. Ukiitazama picha hii unaweza kusema: kiangazi gani? Maziwa hayana habari! Ya tatu nikaachana na twinx, nikaweka grafu mbili, moja juu ya nyingine, zenye miezi inayolingana:

    picha, (juu, chini) = plt.subplots(2, 1, sharex=True)
    juu.bar(miezi, mvua)
    chini.plot(miezi, maziwa, marker="o")
    chini.set_ylim(0, 40000)

Wiki moja kabla ya mkutano mkuu nilikwenda kwenye kikao cha kamati nikaziweka zote tatu mezani. Mwenyekiti aliipenda ya kwanza papo hapo. "Hii haihitaji maneno," akasema. Sikumlaumu. Ndiyo iliyokuwa inasema alichoamini tayari.

Lakini mama mmoja wa kamati alivaa miwani yake, akaivuta karatasi ile ya kwanza, akaweka kidole. "Kijana wangu, hapa kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano mvua iko juu ya maziwa. Mwezi wa sita maziwa yamekuwa juu ya mvua. Mwezi wa sita kulitokea nini?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu mwenye akili huuliza mbele ya picha kama hii. Jicho linaona mstari unachomoza juu ya nguzo, linajua kuna tukio. Na jibu la kweli ni: hakuna kitu, mama. Milimita haiwezi kuwa juu ya lita. Nikamwonyesha picha ya pili, ambapo mstari uko juu ya nguzo karibu mwaka mzima isipokuwa Mei. Nikiweka mwisho wa mhimili kuwa lita 80,000 mstari unashuka katikati na makutano yanahamia kwingine kabisa. Makutano yale yanawekwa na aliyechagua skeli. Ng'ombe hahusiki.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye picha yoyote. "Mwezi wa pili ng'ombe wangu hajakauka. Ila wakati huo maziwa ni adimu, na mchuuzi ananiongezea shilingi kumi kwa lita, pesa mkononi. Hayo hayafiki kwenu."

Mnaona? Daftari la ushirika linaandika maziwa yaliyopokewa. Haliandiki maziwa yaliyokamuliwa. Kushuka kule kwa asilimia 13 huenda ni ng'ombe kukosa majani, huenda ni mchuuzi wa baiskeli, huenda ni vyote viwili. Mashimo ya saileji yangetibu sababu ya kwanza tu. Ile picha ya kwanza, kwa uzuri wake wote, ilikuwa imeshaijibu hoja kabla mtu hajauliza.

Na pesa si ndogo. Kwa takwimu hizi za mfano, mwaka mzima ni lita 433,500, kwa hiyo shilingi 2 kwa lita ni shilingi 867,000. Ukigawanya inaonekana kidogo, lakini mama mwenye ng'ombe mmoja anayepeleka lita 6 kwa siku atakatwa shilingi 12 kila siku, zaidi ya shilingi 4,300 kwa mwaka. Hiyo kwake ni karo, ama ni mbolea.

Waliipeleka picha ya tatu kwenye mkutano. Mabishano yalikuwa marefu, shangazi aliniambia, na mwisho walikubaliana shilingi 1 badala ya 2, kwa ajili ya mashimo peke yake, mashine ingoje. Pia walikubaliana kila mwanachama aandike kwenye kitabu chake lita alizokamua, si alizopeleka tu. Sijui kama uamuzi huo ni sahihi. Ninachojua ni kwamba waliufanya wakiwa wameona kushuka kwa maziwa kwa ukubwa wake halisi.

Je, basi tuitupe twinx? Hapana. Kuna mahali mhimili wa pili ni halali kabisa, na ngoja niwape mawili.

La kwanza ni pale ambapo pande zote mbili ni kitu kimoja kwa vipimo viwili. Ushirika mwingine hupima maziwa kwa kilo kwenye mizani, mwingine kwa lita. Lita moja ya maziwa ni kama kilo 1.03. Hapo hutaki mapacha wasiojuana, unataka mhimili mmoja uliovaa nguo mbili. Tangu toleo la 3.1 la mwaka 2019, Matplotlib ina njia yake rasmi:

    grafu.secondary_yaxis("right",
        functions=(lambda l: l * 1.03, lambda k: k / 1.03))

Unaipa kanuni mbili, ya kwenda na ya kurudi, nayo inahakikisha kulia na kushoto havitengani kamwe. Huwezi kudanganya hapo hata ukitaka.

La pili ni pale ambapo skeli imekubaliwa na watu kabla ya picha kuchorwa. Wengi wetu tuliosoma jiografia sekondari tumechora grafu ya hali ya hewa: nguzo za mvua, mstari wa joto, mhimili kushoto na mhimili kulia, kwa penseli kwenye karatasi ya grafu. Na mwalimu alitaka skeli iandikwe, la sivyo alama zinakwenda. Wakati ule niliona ni usumbufu. Kumbe ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote! Wanasayansi Heinrich Walter na Helmut Lieth walilipeleka jambo hili mbele zaidi kwenye atlasi yao ya hali ya hewa ya miaka ya 1960. Kanuni yao ni nyuzi 10 za Selsiasi kwa milimita 20 za mvua kwa mwezi, kila mahali duniani. Kwa sababu skeli haichaguliwi na mchoraji, makutano ya mistari yana maana: mvua ikiwa chini ya joto, mwezi huo unahesabiwa kuwa wa ukame. Mchoro wa Kitale na mchoro wa Garissa unaweza kuwekwa pamoja na kusomwa kwa jicho moja.

Wako watengenezaji wa programu waliokuwa wakali zaidi. Hadley Wickham, aliyetengeneza ggplot2 kwa watumiaji wa lugha ya R, alikataa kwa miaka mingi kuweka mihimili miwili ya wima, akisema grafu za namna hiyo zina kasoro ya msingi. Watu walilalamika sana. Toleo la 2.2.0 la mwaka 2016 liliruhusu mhimili wa pili, lakini kwa sharti moja: lazima uwe umegeuzwa kutoka ule wa kwanza kwa kanuni unayoiandika mwenyewe. Ukitaka mvua na maziwa, andika kwa mkono wako kwamba milimita moja ni sawa na lita kadhaa. Ukishaandika sentensi hiyo unaona ilivyo ya ajabu, na pengine unaghairi.

Mimi siendi mbali hivyo. Kabla ya kuita twinx siku hizi najiuliza, msomaji atataka kujua nini? Akitaka kujua kila kimoja kilikwendaje, nampa grafu mbili, juu na chini. Akitaka kujua kama vinakwenda pamoja, nampa grafu ya vitone, mvua chini na maziwa pembeni, kitone kimoja kwa kila mwezi; hapo hakuna makutano ya kubuni. Kama ni vitu kama bei na mauzo, naweza kuanza vyote kwenye 100 na kuvisoma kwa mhimili mmoja. Kwa mvua njia hiyo haifai: Januari ni 20 na Mei ni 165, kwa hiyo Januari ikiwa 100, Mei inaruka hadi 825 na mstari wa maziwa unalala chini kama nyoka aliyekufa.

Na nikilazimika kutumia mihimili miwili, mwisho na mwanzo wa kila mhimili nauweka mimi kwa set_ylim, siiachii maktaba. Halafu chini ya picha naandika kwa Kiswahili cha kawaida: maziwa yanaanzia lita fulani, hayaanzii sifuri. Ni sentensi moja, na fotokopi haiifuti.

Jaribuni msimbo huo, mbadilishe ile 40,000 iwe 50,000, halafu 100,000, muone mstari unavyoshuka bila ng'ombe hata mmoja kuguswa. Siku nyingine, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi ya kusogeza maziwa mwezi mmoja nyuma ya mvua, kwa sababu majani nayo yanahitaji muda wa kuota.